John Prine au Townes Van Zandt: ukitoka kwa Don Williams, uende kwa nani?

Kama nyumbani kwenu redio ilikuwa ikipiga kantri, basi huenda umewasikia watu hawa wawili tangu utotoni, ila kwa sauti ya mtu mwingine. Mwaka 1981 Don Williams aliimba na Emmylou Harris wimbo wa "If I Needed You", ukapanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya kantri ya Marekani. Aliyeutunga ni Townes Van Zandt wa Texas. Mwaka 1983 Don Williams huyohuyo akafika nafasi ya 1 kwa "Love Is on a Roll". Huo ulitungwa na John Prine, aliyekuwa akigawa barua katika kitongoji cha Chicago, akishirikiana na Mwingereza Roger Cook.

Mashabiki wa kantri huku kwetu, hasa Kenya, wanamjua Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton kama wanavyowajua majirani, na nchi hiyo imemtoa hata mwimbaji wake wa kantri, Elvis Otieno, anayejulikana zaidi kama Sir Elvis. Lakini mapenzi yetu kwa kawaida hukomea kwa mwimbaji. Nani alikaa chini na gita akautafuta ubeti wa pili, hatuulizi. Nawaandikia wale ambao wameanza kuuliza, na ambao muda wao unatosha kuanza na mtunzi mmoja tu kwa sasa.

Jibu langu nalitoa mapema: wengi wenu muanze na Prine. Lakini wapo ambao Townes atawafaa zaidi, na nitawataja.

Walikotoka

John Prine alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 huko Maywood, Illinois, nje kidogo ya Chicago. Wazazi wake walikuwa wametoka Kaunti ya Muhlenberg, Kentucky, nchi ya makaa ya mawe, wakafuata kazi za viwandani kaskazini. Kaka yake Dave alimfundisha gita akiwa na miaka 14. Jeshi lilipomwita, alipelekwa Ujerumani Magharibi kushughulikia magari wakati vijana wa rika lake wakipelekwa Vietnam. Aliporudi akaajiriwa posta, na nyimbo nyingi za albamu yake ya kwanza alizitunga akiwa njiani na mkoba wa barua begani. Mwenyewe alisimulia kwamba siku za upepo mkali wa Chicago alijibanza ndani ya lile sanduku kubwa la kuhifadhia barua pembeni mwa barabara, akala sandwichi yake humo.

Mwaka 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliingia kumsikiliza Prine, akamwandika kama mgawa barua anayeimba. Mwaka uliofuata rafiki yake Steve Goodman akamleta mwimbaji Kris Kristofferson kumsikia, na haukupita muda Prine akawa na mkataba na kampuni ya rekodi ya Atlantic. Hiyo ndiyo njia ya Prine: watu walimpenda, wakamshika mkono, wakamwita na wenzao.

Townes Van Zandt alitoka upande wa pili kabisa. Alizaliwa Fort Worth tarehe 7 Machi 1944, katika ukoo wa kitajiri ambao Texas ina kaunti yenye jina lake. Familia ilitarajia awe wakili. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Boulder, Colorado, unywaji wake na huzuni yake viliwatia wazazi hofu, wakamrudisha Texas na kumpeleka hospitali ya Galveston. Madaktari wa wakati ule walimtibu kwa kumdunga insulini hadi azirai, mara nyingi, kwa wiki kadhaa. Matibabu hayo yalimfutia sehemu kubwa ya kumbukumbu za utoto wake. Nataka usikilize nyimbo zake ukilijua jambo hilo, kwa sababu watu wa nyimbo za Townes mara nyingi hawana nyuma yao. Wanatokea barabarani, wanapita, wanaondoka.

Baada ya hapo alikwenda Houston, akaanza kuimba kwenye vilabu vidogo, akajifunza kwa kumtazama mzee wa bluzi Lightnin' Hopkins. Mtunzi Mickey Newbury alimsikia na kumfungulia mlango wa Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, na albamu yake ya kwanza ikatoka 1968.

Weka nyimbo mbili sambamba

Njia nzuri ya kuwalinganisha ni kuchukua wimbo mmoja wa kila mtu kuhusu jambo lilelile. Wote wawili waliandika juu ya mtu aliyemezwa na dawa za kulevya: Prine na "Sam Stone", Townes na "Waitin' Around to Die".

Katika "Sam Stone", askari anarudi kutoka vitani akiwa na nishani, chembe za bomu gotini na mazoea ya mofini, dawa ya maumivu inayolevya. Prine anasimama nje ya nyumba ya huyo mtu na kutuonyesha kilichomo: kazi anayoikimbilia pesa zikishaisha, wizi wa kulipia dawa, watoto wenye nguo za watu wengine. Kisha kiitikio kinageuka na kuwa sauti ya mtoto anayejua kwamba pesa yote ya nyumbani inaishia kwenye mkono wa baba. Hapo ndipo wimbo unapokupiga. Hadi wakati ule ulikuwa ukimtazama Sam, na ghafla unajua kwamba kuna anayemtazama kwa karibu kuliko wewe, tena ni mdogo. Mwishoni anakufa, na nyumba aliyoipata kwa sababu ya utumishi wake jeshini inakwenda kulipia jeneza. Prine hamlaani mtu. Hataji serikali wala rais. Lakini ukimaliza unajua hasira yako uielekeze wapi.

Sasa msikilize Townes. Anayesimulia ni mwenyewe mwenye matatizo. Baba alikuwa akimpiga mama, mama akaondoka, naye akashika njia. Akacheza kamari, akampata mwanamke huko Tuscaloosa, mwanamke huyo akamtapeli, akafuatana na rafiki kwenye wizi, akafungwa jela huko Muskogee. Hakuna kiitikio cha kukupumzisha. Kila ubeti unaishia kwenye kungojea kufa, na ile ya mwanzo inasema kwamba maisha haya angalau ni rahisi kuliko kukaa tu ukingojea. Kisha anakuja rafiki mpya, asiyeiba, asiyekunywa wala kusema uongo, na ubeti wa mwisho unamtaja jina: ni dawa ya kodini. Gita linabaki kwenye huzuni ileile mwanzo hadi mwisho na halibadiliki anapolitaja jina hilo. Analisema kwa sauti ileile aliyoutajia mji wa Tuscaloosa.

Prine anakupa watu wa kuwahurumia, na huruma hiyo inakutoa nje ya wimbo hadi kwa watu unaowajua. Townes hakupi pa kutokea. Kila mara niusikilizapo "Waitin' Around to Die" nahitaji kunyamaza kidogo kabla ya kuweka wimbo mwingine, na sijawahi kumwekea mgeni wimbo huo kama wa kwanza.

Kuna jozi nyingine inayostahili. "Angel from Montgomery" ya Prine inaimbwa na kijana wa kiume, lakini mstari wa kwanza kabisa unasema yeye ni mwanamke mzee aliyepewa jina la mama yake, nawe unamkubali papo hapo. Mume ameshakuwa kama mtoto mwingine ndani ya nyumba, nzi wanavuma jikoni, na huyo mama anatamani afanywe malaika aruke aondoke. Mwimbaji Bonnie Raitt aliurekodi 1974 na kuuimba maisha yake yote. "Pancho and Lefty" ya Townes ni ya majambazi wawili. Mmoja anauawa kwenye jangwa la Mexico. Siku hiyohiyo mwenzake anaondoka kwenda Ohio, na hakuna ajuaye nauli aliitoa wapi. Polisi wanasema walikuwa wamemwachia kwa hisani tu. Je, Lefty alimuuza rafiki yake? Townes hasemi. Anakuonyesha tu mzee anayeishi hoteli ya bei rahisi katika baridi ya Cleveland, kisha anakuomba umwombee Pancho, na Lefty pia.

Prine anakuambia kila kitu kuhusu jiko la huyo mama. Townes anakuficha jambo moja, lile unalotaka kulijua. Ukijijua wewe hupenda lipi kati ya hayo mawili, nusu ya uchaguzi umeshaifanya.

Kucheka

Hapa Prine yuko peke yake. Anaweza kukuchekesha na kukuliza ndani ya wimbo mmoja, na kicheko chake hakimdhalilishi mtu. "In Spite of Ourselves", aliouimba na Iris DeMent mwaka 1999, ni wa wapenzi wawili wanaotajiana kasoro hadharani, za chumbani zikiwemo, na kila kasoro ikitajwa unazidi kuamini kwamba hawataachana. Townes naye alikuwa mcheshi, ila vichekesho vyake aliviweka katikati ya nyimbo, akizungumza na watu ukumbini huku akirekebisha nyuzi. Kisha angeanza kuimba, na kicheko kingekatika.

Kiingereza chao

Kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni, hili si dogo. Prine anaimba Kimarekani cha mtaani, kilichojaa bidhaa, vipindi na vitu vya nyumbani vya huko. "Dear Abby", kwa mfano, unategemea ujue kwamba kulikuwa na safu ya gazetini ambako watu waliandika kuomba ushauri. Ukikosa hilo, utani wote unakupita. Townes anatumia maneno mepesi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anayajua: mto, barabara, theluji, jua, mama, farasi. Kila neno utalielewa. Wimbo mzima ndio unaoweza kukuchukua mwaka.

Kwa upande wa sauti, Prine wa miaka ya 70 ana sauti ya puani na anatamka wazi. Mwaka 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya shingo, na baada yake sauti ikashuka na kukwaruza. Mimi napenda ile ya pili zaidi. Nyimbo alizoziandika akiwa kijana juu ya wazee zilipata mwenyewe. Sikiliza "Hello in There" ya 1971, ya wazazi wazee waliobaki peke yao katika nyumba ya kupanga, kisha tafuta alivyouimba mwishoni mwa maisha yake. Townes ana mkasa wa kinyume. Sauti yake bora ni ya mapema, na rekodi za miaka yake ya mwisho zinauma kuzisikiliza, maana unasikia mwili umechoka.

Kwa anayetunga: nani wa kumfuata?

Hapa sina kusitasita hata kidogo. Ukiwa mtunzi na unatafuta mfano wa jinsi ya kuishi na kazi hii, mfuate Prine.

Alitoa albamu nne Atlantic kati ya 1971 na 1975, kisha tatu kwa kampuni ya Asylum hadi 1980. Zilisifiwa, hazikuuza sana. Badala ya kuhangaika kutafuta kampuni kubwa ya tatu, yeye na meneja wake Al Bunetta walianzisha lebo yao, Oh Boy Records. Mashabiki walituma hundi kwa posta kulipia albamu kabla hawajaisikia, na kwa pesa hizo ikatoka *Aimless Love* mwaka 1984. Msanii wa Nairobi au Mwanza anayepokea pesa za wimbo wake moja kwa moja kwa simu anafanya kitu kilekile. *The Missing Years* ya 1991, iliyotoka kwa lebo hiyo ndogo, ilimpa Grammy. Mwaka 1998, mwaka uleule wa upasuaji, mwimbaji wa kantri George Strait alifikisha nafasi ya 1 "I Just Want to Dance with You", utunzi mwingine wa Prine na Roger Cook. Mwaka 2013 saratani ikarudi, safari hii kwenye pafu, akatolewa sehemu ya pafu na akarudi jukwaani. Na mwaka 2018, akiwa na miaka 71, *The Tree of Forgiveness* iliingia nafasi ya 5 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, nafasi ya juu kuliko alizowahi kupata. Alifariki tarehe 7 Aprili 2020 kwa UVIKO-19.

Kazi ya Townes ni masikitiko. Kati ya 1968 na mapema miaka ya 70 alitoa albamu sita kwa lebo ndogo ya Poppy, na ya sita, *The Late Great Townes Van Zandt* ya 1972, ndiyo yenye "Pancho and Lefty" na "If I Needed You" pamoja. Ungedhani mtu mwenye nyimbo mbili kama hizo kwenye albamu moja ameshafika. Lakini lebo iliyumba, albamu iliyofuata ikafungiwa kabatini na haikutoka hadi 1993, na baada ya *Flyin' Shoes* ya 1978 hakutoa albamu nyingine ya studio hadi 1987. Willie Nelson na Merle Haggard walipofikisha "Pancho and Lefty" nafasi ya 1 mwaka 1983, mtunzi mwenyewe alionekana kwenye video yao kama mmoja wa polisi wa Mexico. Wengi walioitazama hawakujua ni nani. Alifariki tarehe 1 Januari 1997, akiwa na miaka 52.

Kuna kauli inayorudiwa kila Townes anapotajwa, kwamba pombe na mateso ndivyo vilivyompa nyimbo. Naipinga kwa nguvu zangu zote, na ushahidi ni tarehe zake mwenyewe. Tazama orodha ya nyimbo alizoimba ukumbi wa Old Quarter, Houston, Julai 1973. Alikuwa na miaka 29, na karibu kila wimbo unaomfanya leo aitwe mtunzi mkuu umo tayari. Pombe ilizidi baadaye, na nyimbo zikapungua. Ugonjwa ulimnyang'anya, na kijana anayejifunza kutunga asidanganywe kwamba lazima ajiharibu kwanza.

Gita

Kwa anayepiga, wote wawili wanachezeka. Prine anapiga kwa vidole, kidole gumba kikipishana nyuzi za besi, na nyimbo nyingi ni kodi (chords) tatu au nne za kawaida. "Paradise", ule wa mji wa Kentucky uliobomolewa na machimbo ya makaa, unahesabiwa kwa tatu na mtu anaweza kuushika jioni moja. Townes ana vidole vyepesi zaidi na ile bluzi ya Lightnin' Hopkins ndani yake. Utachukua muda mrefu zaidi, lakini ukishampata mkono wako umebadilika. Kama wewe ni mpiga gita wa peke yako, wa zile shoo za mtu mmoja na gita, huenda Townes ndiye mwalimu wako bora kwa mkono wa kulia.

Basi, uchague nani?

Chagua Prine kama unapenda nyimbo zenye watu, unataka kucheka, unasikiliza na familia, au unatunga na unataka kujua kazi hii inaishiwaje kwa miaka 50. Anza na *John Prine* ya 1971, iliyorekodiwa sehemu kubwa huko Memphis. Ina "Sam Stone", "Hello in There", "Angel from Montgomery" na "Paradise" zote pamoja, na sijui albamu ya kwanza ya mtunzi yeyote wa kantri iliyobeba uzito huo. Kisha ruka hadi *The Tree of Forgiveness*, usikie mtu yuleyule baada ya miaka 47.

Chagua Townes kama unasikiliza usiku ukiwa peke yako, kama ushairi ndio unaokuvuta kuliko hadithi, au kama ulishampenda Don Williams kwa utulivu wake hasa. "If I Needed You" ya Townes mwenyewe ni tulivu kuliko ile ya 1981. Lakini usianze na albamu yake ya kwanza. Watayarishaji waliijaza vyombo hadi nyimbo zikakosa hewa, na Townes mwenyewe alirudia kurekodi kadhaa kati ya hizo mwaka mmoja tu baadaye. Anza na *Live at the Old Quarter, Houston, Texas*, ile ya Julai 1973 iliyotolewa 1977: ukumbi mdogo, watu wamebanana, yeye na gita, na unasikia jinsi wanavyonyamaza. Kama una siku ngumu, au unapambana na pombe au na fikra za kukata tamaa, mwache kwanza. Nenda kwa Prine, Townes utamkuta baadaye.

Na kama umeshawamaliza wote wawili, mtafute Guy Clark, rafiki wa Townes tangu Houston. *Old No. 1* ya 1975, wimbo wa "Desperados Waiting for a Train".